Rimu zangu zimerudi kwenye aluminiamu yenyewe: uzoefu wangu wa miezi 5

Naishi Kigamboni, na gari langu, Mark II GX110, karibu kila siku linapanda kivuko cha Magogoni. Chumvi ya pale haina huruma na rimu. Ukiinama kuziangalia zangu za inchi 16, ulikuwa unaona nyuzi nyeupe zimetambaa chini ya klia, ile rangi angavu ya juu inayokinga rimu, kama njia za mchwa ukutani. Sabuni haitoi kitu hapo. Klia ikishachubuka, maji ya chumvi yanapenya na aluminiamu inaliwa kwa chini huku juu bado kuna rangi.

Fundi wa kwanza alinipigia silva zote nne kwa 80,000. Zilimeremeta, nikafurahi. Mwezi wa tatu rangi ikaanza kunyanyuka vipande vipande. Kumbe alipitisha msasa juujuu tu, zile nyuzi akazifunika. Iliniuma, maana nilimwuliza kabisa kama rangi ya zamani itatoka yote, akanijibu, "Bosi, ondoa shaka."

Safari hii sikutaka silva tena. Nilitaka aluminiamu yenyewe ionekane, imetulia, isiyong'aa, kama sufuria iliyosuguliwa kwa stilwaya. Nikapata karakana moja upande wa Ilala yenye mashine ya kupiga mchanga kwa upepo.

Walianza kwa kuvua tairi. Anayekwambia atafanya kazi hii tairi ikiwa ndani, mkimbie. Wakapaka dawa ya kutoa rangi, ikavimba na kukwanguka yote. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kostiki soda ni rahisi zaidi, nikamwambia fundi. Akatikisa kichwa: "Hiyo inakula aluminiamu, kaka. Utaondoka na rimu nyeusi." Yuko sahihi kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Mikwaruzo ya kingo za barabara aliisawazisha kwa msasa namba 240, kisha 400. Matundu ya nati na sehemu inayokaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, akayaziba kwa tepu, kwa sababu pale pakichimbika rimu haikai sawa. Halafu akafanya jambo ambalo nitamshukuru siku zote: akajaribu kwanza mgongoni mwa rimu, ambako hakuonekani. Kipande kimoja akapiga mchanga, kingine akapiga shanga ndogo za kioo. Nikapitisha kidole. Pa mchanga palikwaruza kucha, na uchafu wa breki ungeganda pale usitoke. Pa shanga palikuwa laini kama ganda la yai, na rangi yake kijivu cheupe, haimulikimuliki. Nikasema, hii hii.

Swali lililobaki: ziachwe wazi au zipigwe klia? Kwa anayeishi mbali na bahari na asiyechoka kusugua, kuziacha wazi kunapendeza zaidi. Kwa Kigamboni nisingethubutu. Nikachukua klia isiyong'aa, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Imezitia giza kidogo kuliko zilivyotoka kwenye mashine, nimeridhika nayo. Klia ya kawaida ingezirudisha kwenye kung'aa na kazi yote ingepotea.

Gharama: 45,000 kila rimu, pamoja na 40,000 ya kuvua tairi, kurudisha na kubalansi. Niliahidiwa siku moja, zikawa tatu, na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha. Hapo nawapunguzia alama.

Kuziosha natumia sponji na maji ya sabuni, rimu zikiwa zimepoa. Usipake polishi wala usisugue kwa nguvu: pale uliposugua patang'aa peke yake, na baka hilo haliondoki mpaka klia ipigwe upya.

Leo ni mwezi wa 5. Tatu ziko kama zilivyotoka. Ya nyuma kushoto imeanza weupe mdogo kama punje ya mchele pembeni ya valvu, mahali ambapo nadhani klia haikufika vizuri. Fundi amekubali kuirudia bila malipo, naipeleka Jumamosi.