Nimefungiwa strapu za miguu kwenye bodi yangu kuukuu, fundi yupo Jambiani, haya ndo maoni yangu

Hii bodi ninayo mwaka wa sita sasa. Ni bodi ya surf ya kawaida, futi 6 na inchi 4, niliinunua kwa mgeni aliekua anarudi kwao na hakutaka kulipia mzigo wa ndege, jua limeshaipiga mpaka imekua rangi ya chai ya maziwa lakini umbo lake tamu na mie naipenda kuliko hizi mpya. Tatizo lake lilikua moja tu, haikua na strapu, ile mikanda ya kuchomeka miguu. Mie nacheza kaiti, yani unasimama kwenye bodi unavutwa na tiara kubwa, na kusi likishakamata hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ukitoka nje ya mwamba bahari inachafuka, unaruka wimbi dogo tu miguu iko juu bodi imebaki nyuma, unaogelea kuifata na huku kaiti linakuvuta upande mwengine. Unachoka kabla hujacheza.

Mwaka jana nilimpa mtu mmoja (simtaji) anifungie. Akachukua skrubu za mbao akazikandamiza moja kwa moja kwenye bodi, akamalizia na silikoni, akaniambia tayari. Ilikaa dakika ishirini. Niliruka mara ya kwanza ikashika, mara ya pili strapu ya mbele ikang'oka na kipande cha ngozi ya bodi (lile ganda gumu la faiba la nje), povu la ndani liko wazi na maji yanaingia. Niliumia sana roho, bodi yenyewe ndo hiyo moja.

Kwaio safari hii niliuliza uliza, nikaelekezwa kwa fundi wa faiba Jambiani, mzee wa makamo, kazi yake hasa ni boti lakini bodi za watu wa kaiti anatengeneza muda mrefu. Nikampa shikamoo yake nikaweka bodi chini, na kilichonifanya nimuamini palepale ni kwamba hakuongelea pesa kwanza. Aliuliza, hii ndani ina povu gani? Mie sikujua. Akachungulia pale palipong'oka akanionesha, povu likiwa na punje punje za duara kama la boksi la TV, hilo ni polistirini, ukilimwagia resini (ile gundi ya kugandishia faiba) ya poliesta linayeyuka unaliona hivi hivi, lazima utumie epoksi, resini ya aina nyengine. Yangu ilikua laini bila punje na imegeuka njano, hilo ni poliurethini, linakubali zote mbili. Akasema epoksi ndo atakayoitumia hata hivo, maana kwenye bodi kuukuu inashika vizuri zaidi.

Afu akachukua sarafu akaanza kuigonga bodi yote, inchi kwa inchi, juu na chini. Palipo pazima panalia kavu, ngozi ikiwa imeachana na povu panalia mvumo kama debe. Alipata sehemu moja tu karibu na mkia akaizungushia chaki. Akaniambia strapu inavuta kwenda juu, sasa ukiifunga kwenye ngozi iliyoachana unaondoka na ngozi yote. Mie hilo nilikua nishaliona kwa macho yangu.

Kwa vile maji yaliingia mwaka jana, hakugusa kitu wiki nzima. Aliisimamisha kivulini tundu likiangalia chini, sio juani, kwa sababu bodi yenye maji ukiianika juani joto linapandisha hewa ndani na ngozi inavimba. Wiki ikaisha akaniambia bado, subiri siku tano. Hapa ndo wengi watamuona mzito. Upepo unavuma wenzako wapo majini na wewe bodi yako imeegemezwa ukutani kwa mtu. Lakini ukiziba maji ndani umeyafungia humo, povu litaharibika na bodi itabaki nzito daima, kwaio kwa hili namuunga mkono.

Kilichonifurahisha zaidi ni upimaji. Aliweka bodi juu ya mchanga akaniambia panda, simama kama uko baharini, usiangalie chini. Akanizungumzisha habari za mwani na bei yake, mie nikasahau kama napimwa, ndo akachora miguu yangu. Ilitoka sentimita 52 kati ya mguu na mguu, wa mbele umepinda kidogo kuelekea puani, wa nyuma umekaa karibu juu ya mapezi kwa sababu hapo ndo unaposukumia unapotaka kukata kona. Yule wa kwanza alipima kwa mkono wake tu.

Kazi yenyewe sasa. Skrubu haikai kwenye povu, povu halina nguvu ya kushika kitu, lazima kuwe na zile plagi za plastiki ngumu zenye matundu, skrubu inang'ata humo. Kila strapu plagi mbili, moja kila upande wa ule mti mwembamba unaopita katikati ya bodi kwa urefu, na mti wenyewe hakuukata kabisa kwa sababu ndo uti wa mgongo wa bodi. Alikata tundu kubwa kuliko plagi, akachongea kipande cha povu gumu, lile la kutengenezea boti, kikashuka mpaka kinagusa ngozi ya chini, akakigandisha kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kuikoleza (sio wa kula) mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto. Plagi ikakaa ndani ya hicho kipande, juu yake akalaza kitambaa cha faiba tabaka mbili, la pili limepita la kwanza kwa upana. Yani ukivuta strapu huvuti plagi peke yake, unavuta ngozi ya juu na ya chini pamoja. Matundu ya skrubu aliyaziba kwanza kwa skrubu zilizopakwa mafuta ya mgando ili resini isiingie.

Na epoksi aliipima kwa mzani wa jikoni. Nilimuuliza mbona wengine wanatia kwa macho, akasema hadina ya epoksi, ile dawa ya kuigandisha, sio chumvi kwamba ukizidisha itakua kali, ukizidisha haigandi inabaki kama gundi. Na kwa joto letu anachanganya vikombe vidogo vidogo, ukijaza kikombe kikubwa kinachemka chenyewe mkononi na kinaweza kuunguza povu.

Kuna wenzangu walinicheka kwamba nimeharibu bodi ya surf kwa kuitoboa. Jamani strapu hazijaanza kwenye kaiti. Watu wa windsurf (bao lenye tanga) wa Kailua kule Hawaii walianza kuzifunga kwenye mabao yao mwishoni mwa miaka ya 1970, ndo wakaweza kuruka mawimbi bila kuachana na bao. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kina Laird Hamilton, mchezaji surf wa mawimbi makubwa wa huko huko Hawaii, wakazifunga kwenye bodi za surf zenyewe, wanavutwa na boti na baadae jetski kuingia kwenye mawimbi makubwa, na kwa vile miguu imeshikwa wakaweza kutumia bodi fupi kuliko zamani. Kwaio bodi ya surf yenye strapu sio maajabu.

Matokeo: nimeitumia tangu kusi limeanza, karibu kila siku upepo ukiwepo, narukia, naanguka vibaya, na plagi hazijacheza hata kidogo. Skrubu ni za stenlesi, kila wiki nazikaza kwa bisibisi kidogo tu. Strapu zenyewe nilikua nazo, za kampuni ya Dakine, za mtumba, bado nzima.

Ambayo hayajanipendeza. Viraka vinaonekana, hakujaribu kufananisha rangi, na pembeni aliacha ncha kali iliyonikata goti siku ya kwanza, nikamalizia mwenyewe kwa msasa namba 400. Kazi inayomaliziwa na mteja haijakamilika, na nilimwambia. Alisikiliza, hakubisha. Pia alisema siku kumi ikawa kumi na tisa na simu hapokei, mpaka uende. Bei ilikua laki mbili na arubaini pamoja na plagi na skrubu, sio rahisi kwa sisi tunaoishi kwa kufundisha wageni, lakini yule wa kwanza nilimlipa elfu arubaini na nikakaribia kupoteza bodi nzima.

Kwa anaetaka kufunga ajue pia bodi haitakua ileile. Ukitaka kulala kifua upige makasia kwa mikono, strapu ya mbele inakuchoma mbavuni, mie siku isiyo na upepo nazifungua zote, dakika tano tu. Miguu haihami tena, umeshachagua pa kusimama. Na usizikaze sana, vidole vitokeze kidogo tu upande wa pili basi. Mguu ukizama mpaka kwenye kifundo, ukianguka bodi inageuka na kifundo chako.

Jana nilimpelekea bodi ya mdogo wangu, nyepesi, ya punje punje. Aliigonga sarafu, akairidhia, afu akanirudishia mkononi. Kasema mwenye miguu aje mwenyewe asimame juu yake, kwa miguu yangu hatoboi.