"Balqis" ya Nizar Qabbani: Maombolezo Yasiyokubali Kufarijiwa

Desemba 15, 1981, ubalozi wa Iraq mjini Beirut ulilipuliwa kwa bomu, na miongoni mwa makumi ya waliouawa alikuwamo Balqis al-Rawi, mfanyakazi wa ubalozi huo na mke wa mshairi wa Syria, Nizar Qabbani. Mwaka uliofuata Qabbani alitoa "Balqis", shairi moja refu, nalo ndilo ningempa kwanza msomaji anayetaka kujua jinsi ushairi wa Kiarabu wa kisasa unavyowalilia wafu wake.

Jadi ya maombolezo hayo ni kongwe na ina adabu zake: marehemu husifiwa, dahari hulaumiwa, na walio hai huhimizwa kusubiri. Jarir, mshairi wa zama za Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa karne ya kwanza ya Uislamu, alipomlilia mkewe alianza kwa kusema kwamba lau si kuona haya, machozi yangemzidi na angelizuru kaburi lake. Qabbani hana haya hiyo hata chembe. Anafungua kwa shukrani zilizojaa kejeli, akiwaambia wauaji kwamba sasa wanaweza kunywa juu ya kaburi la shahidi. Na anaowakusudia si walipuaji peke yao, bali ulimwengu mzima wa Kiarabu uliozoea mauaji.

Ghadhabu hiyo ndiyo nguvu ya shairi, na ndiyo pia kasoro yake. Shutuma zinaporudiwa kwa maneno yanayokaribiana, Balqis mwenyewe hutoweka na shairi likageuka hotuba, ambayo mhariri mkali angeipunguza bila kuharibu kitu. Lakini mshairi anaporejea nyumbani na kuuliza iko wapi chupa ya manukato, kiko wapi kiberiti cha buluu, iko wapi sigara isiyobanduka midomoni, na nani atakayegawa vikombe vya chai ya Kiiraki, msiba unakuwa wa mtu mmoja mwenye uso na mazoea yake. Kwangu, maswali haya yanazidi sifa zote za malkia wa Babeli na mtende mrefu, ambazo hata washairi wa kale wangeziweza.

Mishororo haina urefu sawa, vina huja na kupotea, na jina la Balqis linaloitwa tena na tena hufanya kazi ya kibwagizo. Kiarabu chake ni chepesi, kwa hiyo mwenye Kiarabu cha kadiri asome asili, tena kwa sauti, na akifika kwenye shutuma ndefu asisite kuharakisha.