Vidonge, dawa ya maji au pakiti ya unga: kipi ununue kabla ya masika

Mafuriko yakipita mtaani, choo cha shimo na kisima huanza kuchangia maji. Rufiji na Kibiti waliyaona hayo Aprili 2024. Maji yanafika hadi mlangoni lakini ya kunywa hayapo, na kuni na mkaa vimelowa, kwa hiyo hata kuchemsha ni kazi. Dawa ya kutibu maji inatakiwa iwe ndani ya nyumba kabla ya hapo, mahali pamoja na tochi na vyeti vilivyofungwa kwenye nailoni.

Zinazotajwa zaidi ni tatu: vidonge vya klorini (Aquatabs, na WaterGuard ya vidonge), WaterGuard ya maji, na pakiti za unga za P&G ambazo wengi bado wanaziita PUR. Zote tatu ni dawa za kuaminika. Ila kila moja imetengenezwa kwa aina yake ya maji, na anayenunua bila kulijua hilo hujikuta na boksi zima la dawa isiyofaa maji yaliyo mbele yake.

Pakiti ya unga ndiyo iliyotengenezwa kwa maji ya tope. Ina gramu 4 na inatibu lita 10. Ndani mna vitu viwili vikuu: chumvi ya chuma inayokusanya tope hadi liwe mabonge, na klorini inayoua vijidudu. Kwa maji ya mafuriko hatujaona cha nyumbani kinachoishinda. Tope linaposhuka chini hushuka na sehemu kubwa ya vimelea ambavyo klorini peke yake haiviui, Cryptosporidium kikiwemo.

Ubaya wake ni kazi. Unahitaji ndoo mbili, kijiko kirefu au mwiko, kitambaa kizito cha pamba kisicho na tundu, na saa. Mimina unga kwenye lita 10, koroga kwa nguvu dakika 5, acha maji yatulie dakika 5. Mabonge yakiwa yamelala chini na maji ya juu ni maangavu, chuja kwa kitambaa kwenda ndoo ya pili iliyo safi. Kisha subiri dakika 20 ndipo unywe. Kanga ya pamba iliyokunjwa inafaa sana. Kitambaa cha nailoni au chandarua hupitisha mabonge, na ukichuja kwa hicho umerudisha uchafu ulioutoa.

Wanaokosea wengi hukosea kwenye kukoroga. Dakika 5 ni ndefu mkono unapochoka, watu huacha kwenye ya pili, mabonge yanabaki madogo na hayashuki. Maji yakiwa bado na ukungu, koroga tena na uyaache yatulie tena. Yakibaki ya manjano baada ya kuchuja, usiyanywe.

Kosa la pili ni kipimo. Ndoo nyingi za nyumbani hazina alama ya lita 10, na mtu akijaza ndoo ya lita 20 kwa pakiti moja, dawa imekuwa nusu. Pima mapema, siku ya jua: chupa sita za lita moja na nusu, ongeza chupa mbili za nusu lita, kisha chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Usijaribu kugawa pakiti ili itoshee lita 5. Mle ndani mna dawa mbili zilizochanganywa, na nusu unayoimwaga inaweza kubeba nyingi ya moja na kidogo ya nyingine. Tope linalobaki litupwe chooni au lifukiwe mbali na watoto na mifugo. Pakiti iliyoingia unyevu na unga ukaganda haifai tena.

Kingine cha kujua: si rahisi kuzikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Mara nyingi hufika na mashirika ya misaada, baada ya maafa. Ukizipata, nunua.

Vidonge ndivyo vyepesi kuliko vyote kuvitunza, na kwa nyumba nyingi ndivyo vya kununua kwanza. Aquatabs ya miligramu 67 inatibu dumu la lita 20 la maji maangavu; tumbukiza, funga, tikisa, subiri dakika 30. Angalia miligramu kwenye karatasi yake, maana vinauzwa kwa ukubwa tofauti na vinafanana kwa macho. Kila kidonge kimefungwa peke yake, hivyo ukitumia kimoja vingine haviharibiki, na vikikaa pakavu hudumu miaka. Havimezwi. Hili liandikwe kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa sababu vinafanana na dawa ya homa, na gizani wakati wa purukushani mtoto hawezi kutofautisha.

Kwenye tope, hata hivyo, kidonge kinashindwa. Klorini huliwa na uchafu kabla haijafika kwenye kijidudu. Maji yenye ukungu kidogo yachujwe, kisha yapewe dozi mara mbili. Maji ya rangi ya chai ya maziwa hayaokolewi kwa kuongeza vidonge. Ukiwa na shaka, jaza chupa angavu ya nusu lita, isimamishe juu ya gazeti na uchungulie kwa juu: kama kichwa cha habari hakisomeki, ondoa tope kwanza. Shabu inaliondoa, na mbegu za mlonge zilizotwangwa pia, lakini hizo zinatuliza tope tu, haziui vijidudu. Kidonge lazima kifuate. Maji ya mlonge yasikae muda mrefu, kwani mabaki ya mbegu nayo hula klorini.

WaterGuard ya maji ni nzuri kwa matumizi ya kila siku, ambapo chupa inaisha upesi. Kwa akiba ya dharura hatuipendekezi. Klorini ya maji hupungua nguvu hata chupa ikiwa haijafunguliwa, na joto na mwanga vinaiharakisha. Chupa iliyokaa dirishani tangu masika iliyopita huenda haina nguvu iliyoandikwa juu yake. Kama ndiyo pekee unayoipata, iweke mahali penye giza, itumie jikoni na ununue nyingine ikikaribia kuisha.

Kwa zote tatu, mafuta ya taa, petroli, dawa za shambani na chumvi ya bahari havitibiki. Maji yenye utando wa mafuta yaachwe. Maji yaliyotibiwa yakae kwenye dumu au ndoo yenye mfuniko na koki, si ndoo ya kuchotea kwa kikombe. Mtungi wa udongo unapoza vizuri, lakini unakula klorini haraka. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Ikikosekana kabisa baada ya nusu saa, dozi imeliwa na maji yatibiwe upya. Yaliyotibiwa kwa pakiti yaishe ndani ya saa 24.

Kiasi cha kununua: hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita ni lita 18, yaani karibu dumu moja. Kwa wiki mbili ni vidonge 14 vya lita 20, na viwe 28 kwa sababu ya dozi mara mbili. Pakiti za unga ni mbili kwa siku; 14 zinatosha wiki ya kwanza, ambayo ndiyo ya tope zito. Vyote, pamoja na kanga safi, mwiko na kalamu, viingie kwenye ndoo moja yenye mfuniko wa kubana, iwekwe juu ya kabati. Ikikaa uvunguni mwa kitanda, itakuwa ya kwanza kulowa.