Banda umiza la Barabara ya 12, Ngamiani: nenda kwa ajili ya mapumziko ya mechi

Mabanda ya kuonyesha mpira hapa Tanga mjini ni mengi, na karibu yote yanafanana: giza, mabenchi, spika za kupasua masikio, na kijana mlangoni anayekusanya mia tano. Hili la Ngamiani, upande wa Barabara ya 12, nalisifia kwa jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Mwenye banda, ambaye wateja wote tunamwita Mjomba, akisikia tu filimbi ya mapumziko anapunguza sauti ya runinga, anaweka ubao mezani na kuanza kuwachambulia watu mechi waliyokuwa wakiitazama.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya kijani, na mistari ya uwanja imechorwa kwa rangi nyeupe. Timu moja ni vizibo vya soda, nyingine ni komwe za kuchezea bao. Nyota wa mechi, yule ambaye watu wamemfuata, ni kifungo kikubwa chekundu cha koti. Mjomba anawapanga wote kama walivyokuwa wamesimama uwanjani, halafu anakiondoa kifungo na kukifumbata. "Haya, hayupo. Mpira unapita wapi?" Banda zima linazozana. Akishawasikiliza anakirudisha kifungo, na safari hii anaondoa kizibo ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho, mara nyingi namba sita, yaani kiungo mkabaji, au beki wa pembeni. "Na huyu je? Akikosekana, hicho kifungo chenu kitaletewa mpira na nani?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na timu ya mpira ya wavulana wanaojiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, iko mikononi mwangu. Kila mwaka napokea watoto ambao wote wanataka kucheza namba kumi, yule mchezeshaji wa mbele. Ukimpanga mtoto beki ananuna kama ameadhibiwa. Nilikuwa nikiwaeleza kwa maneno na hawaelewi, ndiyo maana Jumamosi jioni, wazazi wakiridhia, nakwenda nao pale. Baada ya kukiona kile kifungo kikitolewa na kurudishwa, kijana wangu mmoja aliyekuwa akikataa kucheza nyuma alinijia na kuniambia, "Mwalimu, mimi nataka kuwa kile kizibo cha katikati."

Somo lililowaingia watoto zaidi ni la Samatta. Kila mtoto wa Tanzania anamjua mshambuliaji Mbwana Samatta, lakini wengi wanadhani mpira wake uliharibika tu alipofika Uingereza. Mjomba alilipanga jambo hilo mezani taratibu. Msimu wa 2018/19 Samatta alifunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji na klabu yake, Genk, ikawa bingwa. Nyuma yake na pembeni yake walikuwepo watu kama Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi, na kazi yao ilikuwa kumfikishia mpira mapema, akiwa bado anakimbilia goli. Januari 2020 akaenda Aston Villa, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja na ambayo ilinusurika siku ya mwisho kabisa ya msimu. Mjomba akavisogeza vizibo vyote nyuma, hadi karibu na boksi lao, lile eneo la penalti, akamwacha Samatta peke yake pale mbele katikati ya komwe mbili. Palikuwa na nafasi tupu ya kiganja kizima kati yake na mwenzake wa karibu. Hakuhitaji kusema mengi. Katika mechi 14 za ligi alipata bao moja. Na bado mpira wa juu ulipomfikia ndani ya boksi kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, aliuzamisha kwa kichwa mbele ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini uwezo wake wa kufunga haukuwa umekwenda popote.

Kuhusu Yanga alitumia dakika mbili tu, kwa kuwa banda lina watu wa pande zote na ugomvi uko karibu. Alikumbusha kwamba Fiston Mayele alimaliza msimu wa 2022/23 akiwa na mabao 17 ya ligi, akauzwa Pyramids ya Misri, na watu wakasema Yanga imekwisha. Msimu uliofuata Yanga ya kocha Gamondi ikachukua tena ubingwa, na mabao yalitoka kwa viungo, wachezaji wa katikati: Stephane Aziz Ki 21 peke yake, huku Pacome na Maxi wakifunga kila walipopata upenyo. Kocha hakumtegemea Mayele mwingine. Alibadilisha njia za kufika golini, timu ikawa inakaba kuanzia juu na kuuchukua mpira karibu na goli la mpinzani. Mashabiki wa Simba siku hiyo walinyamaza. Ile 5-1 waliyofungwa na Yanga Novemba 2023 bado inawauma.

Kwa Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, ndipo mimi na Mjomba tunapopishana, na nitasema wazi kwamba ananikera. Yeye huelekea kuamini kwamba mpango ndio kila kitu. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu hadithi ya ubingwa wa 1988 inasimuliwa mezani kama habari za ukoo, kwa hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ya Julai 2022 kule Arusha siwezi kuichukua kirahisi. Abdul Suleiman, Sopu wetu, aliifunga Yanga mabao matatu siku ile. Matatu, fainali, dhidi ya mabingwa wa nchi. Ikaisha 3-3, tukafungwa kwa penalti. Mjomba anasema ile mechi inaonyesha kasoro ya kumtegemea mtu mmoja: mabao yote matatu ni ya Sopu, na kila tulipoongoza tulishindwa kulinda. Ni kweli. Lakini bila Sopu tusingefika hata kwenye hizo penalti, na hakuna mchoro wa ubaoni unaoweza kumfundisha mtu utulivu wa namna ile mbele ya kipa. Baada ya hapo Azam wakamchukua.

Jibu lake Mjomba ni msimu wa 2023/24, na hapo nakiri ana hoja. Coastal ya kocha David Ouma ilimaliza nafasi ya nne bila kuwa na mfungaji wa kutisha. Timu ilijipanga nyuma, mabeki wakabaki karibu karibu, ikawa inaridhika na 1-0 kama wengine wanavyofurahia 4-0. Nilichomwambia, na ninachokisimamia hadi leo, ni kwamba hata timu ile ilikuwa na nyota wake. Alikuwa golini. Ley Matampi alimaliza na mechi 15 bila kuruhusu bao, akawaongoza makipa wote wa ligi, Diarra wa Yanga akiwemo. Ukuta ule ulisimama kwa ujasiri kwa sababu ulijua nani yuko nyuma yake. Kwa nini kifungo chekundu kiwe cha mshambuliaji siku zote? Mjomba alinitazama, akakichukua kifungo na kukiweka langoni. Tangu siku ile naona anafanya hivyo mara nyingine.

Tulipokubaliana kabisa ni kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2025. PSG ya Ufaransa iliyokuwa na Messi, Neymar na Mbappé kwa pamoja ilitolewa hatua ya 16 misimu miwili mfululizo, 2022 na 2023. Wote watatu wakaondoka, na mwaka 2025 PSG ya Luis Enrique ikaifunga Inter ya Italia 5-0 mjini Munich. Mjomba ana kipande cha mechi ile kwenye flashi, na watoto wangu wanakiomba kila wakienda. Mpira uko kwa kipa wa Inter, Sommer, na Ousmane Dembélé amesimama ukingoni mwa boksi, ameinama kidogo kama mwanariadha anayesubiri bastola, macho hayabanduki kwa kipa. Huyo ndiye nyota wa timu, aliyekuja kuchukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, mwaka huohuo, na ndiye anayeanza kukaba. Oktoba 2024 kocha huyohuyo alimwacha nyumbani mechi ya Arsenal kwa kutotimiza aliyotakiwa na timu. Siku ya kwanza kukionyesha kipande kile, mmoja wa vijana wangu alisimama: "Mwalimu, kumbe Dembélé anakaba kuliko mimi!" Jumatatu yake mazoezini sikuhitaji kupiga kelele.

Sasa kuhusu banda lenyewe. Skrini ni ya projekta, picha ni safi usiku, lakini mechi za saa kumi jioni mwanga unapenya kwenye bati na jezi zinafifia. Feni ni mbili na joto la Tanga mnalijua. Ukikaa katikati utatoka umelowa. Mabenchi hayana egemeo. Umeme ukikatika jenereta inawashwa upesi, ila iko karibu mno na dirisha na moshi unaingia ndani, jambo ambalo Mjomba angelimaliza kwa kuisogeza hatua chache tu. Choo ni kimoja, na sisi wanawake tunaokwenda pale tunastahili bora zaidi ya hapo. Kwa upande wa heshima sina lalamiko: matusi yanakatazwa, na anayeyarudia hurudishiwa hela yake na kuonyeshwa mlango. Nje kuna mama mwenye mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, na mzee wa kahawa na kashata ambaye hupita ndani mapumziko yakianza. Kahawa ile ni nzuri kweli.

Mechi za ligi ya Uingereza na za Coastal ni shilingi 500. Simba na Yanga ni 1,000, na siku hiyo msiende kwa ajili ya ubao, maana watu wanajaa hadi mlangoni na Mjomba hapati nafasi hata ya kukaa. Darasa mnalipata mechi za kawaida za Jumamosi na Jumapili, na usiku wa Ulaya. Fikeni nusu saa kabla, na kama mmekuja na watoto mwambieni mapema: atawaweka benchi la mbele, upande wa meza, na mara nyingi huwaachia wao wavipange vizibo.