Kozi ya Michoro ya Visababishi ya Harvard: Chora Kabla ya Kukokotoa

Wengi wetu tunaofanya utafiti wa afya na jamii tulifundishwa kukokotoa regresheni, yaani hesabu ya kupima uhusiano kati ya mambo, kabla ya kufundishwa kuuliza kama namba itakayopatikana inajibu swali la chanzo na tokeo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kozi ya michoro ya visababishi, inayofundishwa na Miguel Hernán wa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ambayo mtu anaweza kuifuata bure na kulipia cheti tu akikihitaji. Kanuni yake ni moja: chora kwa mishale unachokiamini kuhusu jambo lako kabla ya kuzigusa takwimu.

Somo lililonibadilisha linahusu watoto wanaozaliwa na uzito pungufu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu walitatizwa kuona kwamba, miongoni mwa watoto wa chini ya gramu 2,500, wale ambao mama zao walivuta sigara walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wale ambao mama zao hawakuvuta, kana kwamba sigara iliwakinga. Mchoro unalifumbua fumbo hilo. Uzito pungufu ni mahali mishale miwili inapokutana, mmoja ukitoka kwenye sigara na mwingine kwenye matatizo mazito kama kasoro za kuzaliwa. Hivyo mtoto mwepesi ambaye mama yake havuti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo hilo zito, nalo ndilo linalomuua. Kosa lilikuwa kuwachambua watoto wepesi peke yao. Kuingiza uzito huo kwenye modeli, yaani kwenye hesabu ya regresheni, huleta kosa lilelile. Nami nilizoea kuingiza humo kila kigeu, yaani kila kipimo, nilichokusanya, nikiamini kwamba kuongeza ni kuimarisha.

Ningependa mifano ya kwetu iwe mingi zaidi. Tohara na VVU, kwa mfano: kulinganisha waliotahiriwa na wasiotahiriwa hakukutosha, kwa kuwa dini na mila huathiri tohara na mienendo ya ngono kwa pamoja, mpaka majaribio ya Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliyositishwa Desemba 2006, yalipowagawa wanaume kwa bahati nasibu na kuonyesha maambukizi yakipungua kwa takriban nusu.

Kozi haifundishi ukokotoaji wenyewe. Hata hivyo, mwanafunzi wa uzamili aipitie kabla ya kukamilisha dodoso, wakati bado anaweza kuongeza swali ambalo mchoro umemwonyesha kwamba analihitaji.