Diwani ya Hatef Isfahani: nunua, uchukue na penseli

Nakala ya diwani hii, yaani mkusanyiko wa mashairi ya Hatef, inayouzwa sasa kwenye duka la vitabu vikuukuu Mji wa Kale ni ya Kiajemi kitupu, bila tafsiri wala maelezo. Anayesoma tenzi kwa herufi za Kiarabu hatashindwa na hati. Atashindwa na irabu. Mchapaji hakutia kasra ya idhafa, ile inayounga jina na sifa yake, na ukiiruka maana inakatika, mizani nayo inapungua. Pitia ukurasa mzima kwanza, tia alama ya penseli chini ya kila neno lenye idhafa, ndipo usome kwa sauti.

Hatef, aliyefariki 1783, alikuwa tabibu, na mmoja wa washairi wa Isfahan, mji wa Uajemi, waliomzunguka mshairi mwenzao Mushtaq. Walichoka na mtindo wa ushairi wa Kiajemi uitwao wa Kihindi, mafumbo juu ya mafumbo, wakawarudia washairi wa kale Saadi na Hafez. Ghazali zake, mashairi mafupi ya mapenzi, ni safi, vina havina kasoro, ila ni fundi anayejenga kwa ramani ya mwenzake. Soma tano, zilizobaki zitangoja.

Pesa yako imo kwenye tarjii-bandi, shairi refu la mafungu yaitwayo bandi: bandi 5, kila moja ikifungwa na kipokeo kilekile:

ke yeki hast o hich nist joz u
vahdahu la ilaha illa hu

Yuko Mmoja, na hapana kitu ila Yeye. Katika bandi ya pili binti wa Kikristo anaulizwa habari za Utatu. Anajibu kuwa hariri haiwi tatu kwa kuitwa majina matatu, na kengele ya kanisa inaitikia kipokeo. Hapo Hatef haigi mtu.

Sikio lililozoea mashairi ya Muyaka, mizani 8 kwa 8, litahesabu silabi 9 katika mshororo wa kwanza na kudhani umepunguka. Bahari, yaani mpangilio wa mapigo marefu na mafupi, ni ile iitwayo khafifu, mapigo 11: "ch" ya hich na "st" ya nist, kwa kufuata irabu ndefu, kila moja ni pigo fupi. Usizimeze. Wa pili una 10, maana bahari hiyo inaruhusu fupi mbili za mwisho kuwa ndefu moja.

Kuanzia bandi ya pili mchapaji amekifupisha kipokeo kuwa maneno mawili tu. Kiandike kizima pembeni. Gundi ya mgongo imekauka, kwa hivyo kabla ya kulipa hakikisha bandi ya tano haijachomoka.