Vijiko viko poa, ile kadi ya vipimo ndo muitupe

Nianze na vijiko maana ndo kitu unacholipia. Ni seti ya chuma kisichoshika kutu, kuna cha robo na cha nusu kijiko cha chai, kuna cha chai chenyewe, afu kile kikubwa cha mezani. Mpini haupindi hata ukichota sukari iliyogandamana, na namba zimechongwa kwenye chuma chenyewe, sio zile za rangi ambazo sabuni inazila ukabaki unabahatisha. Nilivijaza maji nikapima kwenye mzani wa jikoni, coz maji mililita moja ni gramu moja, hapo hamna kudanganyana. Cha chai gramu 5, kikubwa 15. Safi.

Sasa njoo kwenye kadi waliyoweka ndani ya boksi, ya kubadilisha gramu za kwenye pakiti ziwe vijiko. Imeandikwa kijiko cha chai gramu 5, kijiko kikubwa gramu 15, basi, imeisha hiyo, utadhani kila kitu jikoni ni maji! Jamani. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano ukishakifuta juu kwa kisu ni kama gramu 8 tu, sukari 12 na ushee, asali inagonga kama 21. Kijiko ni kilekile.

Na anayeumia ni yule mwenye pakiti mkononi na hana mzani, yaani mtu haswa ambaye kadi imetengenezwa kwa ajili yake. Chukua pakiti ya hamira kavu ya gramu 7, zile ndogo za kumwaga yote kwa mkupuo. Kwa hesabu ya kadi hiyo ni kijiko cha chai kimoja na karibu nusu, wakati ukweli ni viwili na robo, maana hamira ya punje ni nyepesi, kijiko kimoja ni gramu 3 hivi. Afu mkate huohuo unataka chumvi gramu 12, ambayo kwa chumvi laini ni vijiko viwili vya chai coz kimoja ni kama gramu 6, kadi inakupeleka karibu viwili na nusu. Kwa hiyo hamira umepunja, chumvi umezidisha, na chumvi ikizidi inaichelewesha hamira, unga unakaa hapo unakutazama tu hauumuki na wewe unailaumu hamira ya watu imekufa.

Cha kufanya ni rahisi wala hauhitaji kadi. Geuza pakiti uangalie jedwali la virutubisho, bidhaa nyingi wanaandika kiasi cha kutumia mara moja kwa kijiko na kwa gramu hapohapo, mfano kijiko kikubwa kimoja (8 g), basi unagawanya tu. Kama hamna, mimina pakiti nzima kwenye bakuli, chota kijiko kwa kijiko bila kushindilia, ukifuta juu, uhesabu, afu andika idadi kwa kalamu kwenye mfuniko wa kopo unalohifadhia. Hiyo ndo kadi yako sasa, na ni sahihi kuliko ya kwao. Tena ukibadilisha aina ya chumvi hesabu upya, ile ya chembe kubwa kijiko kimoja kinaweza kuwa nusu ya uzito wa ile laini.

Wanaopika kwa mapishi ya Australia, kijiko kikubwa cha kule ni mililita 20 na hiki ni 15, ongezeeni kimoja cha chai mko sawa.

Lingine dogo, kile kikubwa ni cha duara na kipana, hakiingii kwenye chupa za viungo zenye mdomo mwembamba, itabidi umimine, na ukimimina juu ya sufuria inayotoka mvuke viungo vinashika unyevu vinaganda humo kwenye chupa. Wangekifanya chembamba kirefu ningewapa nyota tano hata na hiyo kadi yao. Nimewapa nne.